Patasi Iliyokosekana

Juzi tulikuwa tukitengeneza mabenchi ya kanisa hapa Nyakato, Musoma, na patasi moja ikakosekana. Sanduku letu lilikuwa fujo tupu: msumeno chini ya nyundo, tupa katikati ya misumari. Mara tukamtazama kijana aliyeazima nyundo siku iliyotangulia. Hatukunena neno, lakini macho yetu yalinena, naye aliyaona. Jioni patasi ikaonekana chini ya maranda.

Je, kupanga vyombo ni kazi ya mikono tu? Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, katika amri ya nane yatufundisha kumtetea jirani na kumnenea mema. Lakini mtu asiyejua vyombo vyake vi wapi atamteteaje jirani? Hana shahidi ila shaka yake. Chombo kikiwa na mahali pake, pengo huonekana mara, na swali huulizwa kwa upole. Wengine husema apangaye sana ni mchoyo. Sisi twaona ndiye awezaye kuazimisha pasipo hofu. (Makali ya patasi nayo hupona, ila hilo ni dogo.)

Kijana yule hajaja tena kuazima nyundo. Nasi tumekwenda kwake mara moja tu.