Je, Aliye Juu Amestahili?

Wengi husema: “Yule ni mkubwa kazini kwa kuwa amestahili, huyu abeba mizigo kwa kuwa ni mvivu.” Maneno hayo yapendeza, hasa masikioni mwa mkubwa. Lakini yafaa tuulize: kustahili kwapimwa na nani, tena kwa kipimo gani?

Tutazame nchi yetu ya Kongo. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilianza kutoa kadi ya mastahili ya kiraia. Mwafrika aliyeitaka alipaswa kwa kawaida kujua kusoma na kuandika, kuwa na mke mmoja tu, na kuonyesha mwenendo mwema. Mwaka 1952 ikaja sheria nyingine ya kuwaandikisha “walioendelea,” na hapo wakaguzi waliingia hata nyumbani mwa mtu kutazama jinsi anavyoishi. Mzungu hakuulizwa kadi yo yote. Yeye alihesabiwa amestahili tangu kuzaliwa.

Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, jeshi la Force Publique lilikuwa na askari karibu 25,000, wala hapakuwa na ofisa Mkongomani hata mmoja. Wakubwa walieleza: “Hawajafika bado.” Kweli, elimu ilipungua. Lakini ni nani aliyeshika mlango wa shule? Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Mtu afungaye kisima, kisha amcheka jirani kwa kiu, asema kweli juu ya kiu, ila aficha habari ya kisima.

Tusidhani mambo hayo yaliondoka pamoja na Wabelgiji. Mkubwa akitafuta karani, huuliza kwanza wale anaokula nao. Pengine hana hila, ndio awajuao. Hata Marekani ni hivyo. Mwaka 1974 mtaalamu Mark Granovetter alionyesha kwamba, kati ya wafanyakazi aliowachunguza mjini Newton, zaidi ya nusu walipata kazi kwa njia ya watu waliowafahamu. Basi mwana wa karani husikia habari za ukarani, na mwana wa mchimbaji husikia habari za shimo. Baada ya miaka michache wa kwanza husema, tena kwa moyo safi: “Nimejitahidi.” Naye amejitahidi kweli! Ila mwenzake alijitahidi vilevile, asiitwe.

Mtu atanijibu: “Je, ni vibaya kumsaidia ndugu?” La, ni wajibu. Mwenye mshahara amlishe ndugu yake, amlipie shule. Lakini bukari ni yake mwenyewe kugawa. Nafasi ya kazi ya watu wote si bukari ya nyumbani mwake.

Sisi walimu nasi tumo. Wazazi hutujia kuomba barua ya kumpeleka kijana kazini. Waombao ni wale wakaao karibu na misheni. Wa vijiji vya mbali hawajui hata kwamba barua hizo huandikwa.