Mguu wa Nyuma Uwekwe Wapi?

Kuna kazi za kuandika ambazo hulipwa kwa idadi ya maneno. Ukiacha chuo ukiwa na laptop na kodi ya nyumba, hizo ndizo kazi zako. Nimeandika kuhusu mashine za kukata nyasi, kuhusu chakula cha paka, kuhusu mapazia. Mwaka jana nikapewa maneno 300 kuhusu swali hili: pedi ya mkia ibandikwe wapi kwenye ubao wa kasia, ule wa kupiga ukiwa umesimama? Mteja alitaka jibu moja, kwa inchi, kutoka mwisho wa ubao. Kazi iliisha, nikalipwa, tukaachana. Swali lenyewe ndilo limekataa kuniacha, na hapa hakuna wa kunihesabia maneno.

Tuanze na kifaa, maana si kila mtu amepita Diani au Watamu akaona watu wamesimama juu ya maji kama wanangoja matatu. Ubao wa kasia unafanana na ule wa kuteleza mawimbini, ila huwa mpana na mnene zaidi ili ukubebe ukiwa wima hata usipokwenda popote. Mchezo huu, kwa sura tunayoijua leo, ulitoka Hawaii na ukaenea duniani miaka ya 2000. Lakini kusimama chomboni si kugeni kwetu. Mvuvi wa Pwani amesimama mtumbwini akisukuma kwa upondo kwenye maji mafupi tangu kitambo, wala hakuhitaji mtu amuuzie.

Pedi ni kipande cha sponji ngumu chenye gundi upande wa chini. Hubandikwa mkiani. Juu ina michirizi ili wayo usiteleze, na mwisho wake una ukingo ulioinuka, ili mguu ukiugusa ujue umefika bila wewe kuangalia chini.

Kwenye maji tulivu, pedi haina kazi. Unasimama katikati, miguu sambamba, karibu na mshikio wa kubebea ubao, kwa sababu hapo ndipo uzito unapolingana. Kazi inaanza wimbi likikubeba. Hapo inabidi ugeuze mwili, mguu mmoja ubaki mbele, mwingine urudi nyuma hadi juu ya mapezi yaliyo chini ya ubao. Ukikanyaga hapo, ubao unazunguka kama mlango kwenye bawaba. Ukikanyaga mbele mno, ubavu wote wa ubao unang'ata maji na unaenda moja kwa moja hata kama unataka kukata kona. Ukikanyaga nyuma mno, mkia unazama, pua inaenda juu, mwendo unakufa, na wimbi linakupita. Na ukishakata kona yako, lazima urudi katikati. Mabaharia wetu walisema zamani: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Sasa, gundi. Unausugua ubao kwa spiriti mpaka mafuta na chumvi zitoke, unaacha ukauke, unaiweka pedi bila kuibandua kwanza uone inavyokaa, unachora alama kwa penseli, ndipo unabandua karatasi na kukandamiza kwa nguvu. Kisha unangoja siku nzima kabla ya kugusa maji. Ukitaka kuihamisha baadaye, ni kazi ya hewa ya moto na kukwangua, na mabaki ya gundi yatakukumbusha ulipokuwa. Kwa hivyo pedi inakulazimisha uamue leo, ukiwa kwenye kivuli na akili imetulia, mahali utakaposimama siku ambayo hutakuwa na nafasi ya kufikiri. Mambo mengi makubwa maishani yako hivyo. Kazi, ndoa, imani, nani utamlinda watu wakianza kumsema. Unaamua ukiwa mkavu, unajaribiwa ukiwa umelowa.

Jibu la kwanza ni rahisi: waulize wanaojua. Wapo, na wana kipimo. Shida ni kwamba kipimo kimoja hakijawahi kukutana na wewe. Hakijui miguu yako ina urefu gani, unasimama umeipanua kiasi gani, ubao wako ni wa futi 8 au 11. Aristotle aliliona hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alipokuwa akieleza wema kama jambo la kati. Alisema kati hii si ile ya hesabu. Kama chakula cha vipimo 10 ni kingi mno na cha vipimo 2 ni kidogo mno, kocha hataamuru tu kila mtu ale 6. Kwa Milo, mpiga mieleka aliyesifika kwa nguvu, 6 ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi leo, ni kingi. Kati sahihi ni ile inayokuhusu wewe.

Lakini wengi wetu tulibandikiwa pedi tukiwa na miaka 17 au 18. Unapata alama, unaonyeshwa orodha ya kozi, mjomba mmoja anasema hii ina pesa, mwalimu anasema ile ina heshima, na unajaza. Hujawahi kusimama juu ya huo ubao hata dakika moja. Wahenga wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia miaka mitatu, nikaondoka. Sitaki kukifanya kisa cha ushujaa, maana nawajua waliobaki na wako sawa, na wengine walioondoka hawako sawa. Ninachosema ni kwamba anayekupa kipimo hatakuwepo wimbi likifika. Si yeye atakayeteleza.

Basi jibu la pili: fuata mguu wako. Kuna mwalimu mmoja wa ubao pale Diani niliyemuuliza nilipokuwa nikiandika yale maneno 300. Alicheka kwanza. Kisha akaniambia, "Paka nta, ingia majini bila pedi, rudi mara kadhaa, halafu angalia nta imelika wapi. Hapo ndipo unapokanyaga." Niliupenda sana ushauri huu. Unakuheshimu. Unasema mwili wako una habari ambazo mdomo wako haujui kuzieleza, na kwamba ukiwa na subira utazisoma.

Lakini hebu tuufikirie vizuri. Anayeanza ni mwoga, na mguu wake ni mwoga vilevile. Hautaki kuondoka katikati, kwa sababu katikati ndiko salama. Ukisoma nta ya mtu wa wiki ya kwanza, utaona imelika karibu na mshikio. Ukibandika pedi hapo, umeibandika juu ya hofu, na kila siku utakayoingia majini, ule ukingo ulioinuka utakuambia, "Umefika," na wewe hujafika. Haya ndiyo ninayoyaogopa kwenye maneno tunayoyapenda sana mtandaoni: kuwa wewe mwenyewe, fanya moyo unavyotaka. Nina marafiki wa miaka 27 ambao tayari wanasema "mimi ndivyo nilivyo" kuhusu mambo ambayo ni uoga tu uliokauka. Mmoja hawezi kuomba msamaha. Mwingine haanzi kitu mpaka ahakikishiwe. Nta ilisomwa mapema mno.

Kwa hivyo kipimo cha wengine hakinijui, na mguu wangu haujui vya kutosha. Kilichobaki ni kitu ambacho katika mabishano haya wote tunakisahau kwa sababu ukisimama hukioni: mapezi. Yako chini ya ubao. Ukiwa kwenye wimbi hayasogei, na hayajali maoni yako wala ya mjomba. Pedi inabandikwa kwa sababu yao. Mguu unatakiwa uyafikie, na kila mguu una njia yake ya kuyafikia.

Nikilitazama hivyo, naona kuna ushauri wa aina mbili, na tunauchanganya. Kuna unaokuambia mapezi yako wapi, na kuna unaokuambia mguu wako uwe wapi. "Kozi hii ni miaka sita, utalala kidogo, na ada yake ni hii": hayo ni mapezi. "Wewe umezaliwa kuwa daktari": huo ni mguu wangu, na umeushika bila ruhusa. "Huyu mwanamume ana madeni, na hakukwambia": mapezi. "Mwache": mguu. Anayekupenda ana wajibu wa kukuonyesha mapezi yote anayoyajua, hata yanayouma, maana kuyaficha ni kukutakia uanguke. Na ana wajibu wa kuuacha mguu wako utembee wenyewe kuyafikia. Nadhani ugomvi mwingi kati ya wazazi na sisi hutoka hapo. Wao wanatupa habari za kweli kwa sauti ya amri, nasi tunaikataa amri na kuzitupa habari pamoja nayo.

Dadangu mdogo amemaliza kidato cha nne na ameniuliza achague nini. Sikumwambia. Nilimpa hesabu: ninalipwa kiasi gani kwa maneno 1,000, mwezi upi hakukuja kazi kabisa, ni maombi mangapi ya kazi yamenifungia mlango kwa sababu ya cheti, na siku zipi nimeamka nikifurahi kwamba sina bosi. Mamangu alikuwa akichambua mchele karibu, anasikiliza. Alingoja nimalize, akasema, "Na umwambie pia, mwanangu, kujaribu-jaribu nako kuna mwisho."

Ana haki. Kusema ukweli, hilo ndilo jambo ambalo kizazi changu hakipendi kusikia, nami nikiwemo. Tunasema kuteleza si kuanguka, na ni kweli. Lakini anayeteleza mahali palepale kila siku, kwa sababu hataki kubandika chochote asije akajuta, naye ameshachagua. Amechagua ubao usio na pedi, na wimbi kubwa likija atalijua kwa mgongo. Gundi haishiki ubao uliolowa, na hakuna anayebandika pedi akiwa katikati ya bahari. Inabidi utoke majini kwanza, ukubali kukosa mawimbi ya siku moja, ukauke.

Kwa hivyo, yule mteja akirudi leo kuuliza, ningemwandikia hivi: panda ubao bila pedi mpaka mguu wako uache kuogopa kurudi nyuma. Pindua ubao uyaangalie mapezi kwa macho yako, usiyasikie kwa watu. Mguu na mapezi vikikutana, chora alama. Kisha bandika, kandamiza, ngoja siku nzima. Kesho yake ingia majini, na usiangalie chini.