Dhana Iliyomo Damuni na Dhima ya Mwenye Kuitoa

Liko swali ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuliuliza, kwa kuwa maradhi ya zama zao yalijitangaza yenyewe kwa homa, kwa maumivu au kwa kukonda, na mgonjwa alimwendea tabibu akiwa amekwisha kujua kuwa ni mgonjwa. Swali lenyewe ni hili: je, mtu mwenye siha njema, alaye akashiba na alalaye akapata usingizi, ana ruhusa, au pengine ana wajibu, wa kutafuta ndani ya damu yake habari za maradhi ambayo hajayahisi?

Saratani ya utumbo mpana ndiyo iliyolifanya swali hili kuwa zito. Aghalabu huanza kwa kinyama kidogo kiotacho katika ukuta wa utumbo, nacho huweza kukaa miaka kumi au zaidi bila ya kumwudhi mwenyewe. Na chembe zake zigeukapo saratani, zikawa zinakufa na kuzaliwa nyingine, vipande vya vinasaba vyao humwagika na kuelea katika damu. Mwaka 1948, huko Strasbourg nchini Ufaransa, Mandel na Métais walionyesha kuwa maji ya damu ya binadamu hubeba vinasaba vilivyo nje ya chembe, nao ulimwengu ukapita miaka mingi bila ya kutambua thamani ya habari ile. Mwaka 1965, Phil Gold na Samuel Freedman wa Montreal walipata katika saratani ya utumbo protini ambayo hupatikana pia katika utumbo wa mtoto aliyemo tumboni mwa mamaye, na matumaini yakawa makubwa. Lakini ikadhihirika kuwa protini ile hupanda pia kwa mvuta tumbaku na kwa mwenye maradhi ya ini, na kwamba mara nyingi hunyamaza saratani ingali changa, hata leo kazi yake kubwa ni kumwangalia mtu aliyekwisha kutibiwa. Kisha, Julai 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha kipimo cha damu kiitwacho Shield, kinachovitafuta vipande vile vya vinasaba, kwa watu wa umri wa miaka 45 na zaidi ambao hatari yao ni ya kawaida.

Wako waja wema wanaoona kuwa kuichungulia damu namna hii ni kuingilia ghaibu, na kwamba mwenye tawakali hukaa akangojea alilojaaliwa. Nawaheshimu, lakini siwezi kuafikiana nao. Maradhi yaliyokwisha kuingia mwilini si ghaibu. Ni jambo lililopo, lenye athari, na mwenye kufuata nyayo za mwizi mchangani hadai kuwa anajua yajayo. Khalifa Umar bin Khattab, alipokuwa njiani kwenda Shamu akapata habari za tauni na kuazimia kurudi, aliulizwa na sahaba Abu Ubaida kama anaikimbia kadari ya Mungu. Naye akajibu kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Sijui jawabu lililo bora kuliko hilo.

Uzito wa jambo hili, kwa maoni yangu, hauko katika ruhusa ya kujua, bali uko katika aina ya ujuzi wenyewe, kwani damu haitoi yakini, hutoa dhana. Katika utafiti uliotangulia idhini ile, kipimo kilizitambua saratani 83 katika kila 100, nacho kilitoa onyo la bure kwa watu wapatao 10 katika kila 100 wasio na saratani wala vinyama vya hatari. Tukichukua watu elfu moja ambao wanane kati yao wana saratani, kipimo kitawaonya sita au saba katika wanane hao, na pamoja nao kitawatia hofu watu wapatao mia wasio nayo. Ama vile vinyama vya hatari ambavyo bado havijawa saratani, na ambavyo vikiondolewa mapema mtu huokoka kabla ya kuugua, kipimo kiliviona 13 tu katika kila 100.

Basi mtu aliyeambiwa kuwa damu yake ina shaka hajaambiwa kitu mpaka utumbo wake umulikwe kwa kolonoskopi, yaani mrija wenye kamera upitishwao njia ya haja kubwa, naye aliyeambiwa kuwa ni safi hajapewa hati ya amani. Hapa ndipo dhima inapohama kutoka kwa mpimwaji ikamwangukia mpimaji. Anayemtia mwenzake dhana moyoni, na hali anajua kuwa njia ya kuithibitisha haipo karibu, au ipo kwa bei ambayo mtu yule hawezi kuimudu, amekwisha kumdhulumu, hata kama nia yake ilikuwa njema na sindano yake safi. Kwetu Afrika Mashariki, ambako kolonoskopi hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini, naona insafu inataka njia hiyo ya kuthibitisha itengenezwe kabla ya damu kuchukuliwa, na mtu aelezwe hayo yote kwa lugha anayoielewa. Na akikataa baada ya kuelewa, uamuzi wake uheshimiwe.

Sisemi haya kwa kuidharau damu. Najua wengi huikwepa kolonoskopi kwa haya, na haya ni sehemu ya imani. Kipimo kisichomvua mtu nguo kitawafikia watu ambao kingine kisingewafikia, na hiyo ni heri kubwa. Lakini sheria yetu iliyoamrisha sitara ndiyo hiyo hiyo iliyomruhusu tabibu kutazama panapo dharura. Na mtu aonaye damu katika choo chake, au ambaye tumbo lake limebadili desturi kwa majuma mengi, huyo hayumo katika swali tuliloanza nalo; maradhi yake yamekwisha kusema, na haimfai kungojea dhana ya kipimo. Ni haki yake apelekwe akamulikwe, na jamaa zake wasimwache akaficha maumivu yake kwa sababu ya haya.