Ndugu Yako Akiwa Kwenye Foleni

Katika familia yetu kuna swali lenye umri wa zaidi ya miaka thelathini na bado halijapoa: je, Bibi alimuua mtoto wa dada yake? Wageni wakilisikia wanadhani ni mambo ya uchawi. Sivyo. Bibi alikuwa metroni, yaani mkuu wa wauguzi, katika hospitali moja mjini Juba wakati wa vita, na swali lenyewe ni la foleni. Naliandika hapa kwa sababu sisi wa Kakuma tunaishi kwa foleni, na kila wiki nasikia mtu akimlaani ndugu yake anayefanya kazi kliniki au kwenye ugawaji wa chakula, ati amekuwa na roho ya mawe.

Bibi alisomea uuguzi katika ile miaka ya utulivu, kati ya mkataba wa Addis Ababa wa 1972 na vita vilivyoanza upya 1983. Vita viliporudi, Juba ilibaki mikononi mwa serikali ya Khartoum hadi amani ya 2005, huku SPLA wakiuzunguka mji. Chakula na dawa vilitegemea sana ndege. Hebu fikiria mji ambao wenyeji wake wengi wana mtoto au kaka aliyeko msituni, na jeshi linaloulinda linawatazama kwa jicho la shaka. Mwezi wa sita na wa saba mwaka 1992 SPLA waliingia mjini na kurudishwa nyuma. Kilichofuata ni kamatakamata. Watu wa Kusini, askari na raia, walichukuliwa, na wengine hawakuonekana tena.

Ni katika usiku mmoja wa siku hizo. Daktari wa upasuaji alikuwa mmoja na meza ilikuwa moja. Bibi alisimama mlangoni akipanga nani aingie. Kwenye sakafu ya korido alilala mtoto wa dada yake, kijana wa miaka kumi na tisa, risasi ya tumbo. Hatua chache kutoka kwake alilala askari wa serikali kutoka Kaskazini, amepigwa pajani na damu inaruka. Bibi alimwingiza askari. Akafuata mama mmoja aliyekuwa akivuja damu vilevile. Zamu ya kijana ilifika karibu na alfajiri, akafia mezani.

Kwa kazi ya uuguzi, hesabu yake inaeleweka. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika unammaliza mtu kwa dakika chache, lakini risasi ya tumbo mara nyingi inampa mtu saa kadhaa. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1949, kifungu cha 12, unataka hivyo hivyo: kinachomtanguliza majeruhi ni uharaka wa hali yake tu. (Uliandikwa kwa vita vya nchi na nchi, lakini damu haiulizi ni vita gani.)

Lakini ngoja. Mtu mwenye akili atauliza: ilikuwa haki au ilikuwa woga? Katika mji ule, kumtanguliza askari wa serikali ndicho kitu ambacho wenye bunduki wangetaka. Haki ikielekea upande uleule wa nguvu, utajuaje kama ni haki? Mama yangu hujibu kwa kisa kingine. Wiki hizohizo ofisa mmoja alikuja na kidole kilichochanika, akataka ashughulikiwe kwanza. Bibi alimwonyesha benchi, naye akakaa. Kwa hiyo, anasema mama, hakuwa mwoga.

Jibu hilo linatosha kwa mama. Halimtoshi Bibi Mkubwa, yule dada mtu, mama wa marehemu. Yeye hulipindua: kama mdogo wangu aliweza kumkatalia ofisa kwa ajili ya sheria yake, alishindwa nini kuivunja sheria hiyo mara moja tu kwa ajili ya mwanangu? Waswahili wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Yeye alimpeleka mtoto pale kwa sababu pale palikuwa na mdogo wake.

Nimelibeba swali hilo miaka mingi na sijaona namna ya kulidharau. Mashirika hupenda kutusimulia asili ya kazi yao. Baada ya vita vya Solferino mwaka 1859, wanawake wa Castiglione huko Italia waliuguza majeruhi wa pande zote wakisema kwamba wote ni ndugu, na Henry Dunant akaliona hilo, na Msalaba Mwekundu ukatokana na hapo. Ni kisa kizuri. Lakini neno "ndugu" kwetu lina sakafu mbili. Kuna ndugu wa hotuba, na kuna ndugu aliyenyonya ziwa moja na wewe. Kumwita mgeni ndugu ni rahisi kama ndugu yako hayupo kwenye ile korido. Wafanyakazi wengi wa mashirika wanaotufundisha kutopendelea wana mama zao mbali, na mama hao hawapangi foleni hii. Siwalaumu, nasema tu kwamba somo lao halijawahi kuwagharimu walichomgharimu Bibi.

Hata hivyo nasimama na Bibi, na sababu yangu ni Kakuma yenyewe. Kambi hii ilifunguliwa 1992, mwaka uleule. Miongoni mwa wa kwanza walikuwa wavulana waliotembea kutoka Sudan hadi Ethiopia, wakarudi, wakaja huku, wengi bila mzazi wala mjomba. Mtu wa namna hiyo akifika kliniki ana nini mkononi? Hana jina la ukoo linalojulikana, hana wa kumpigia simu. Ana foleni tu. Ukiivunja kwa ajili ya mpwa wako, umemnyang'anya mtu huyo kitu pekee alichonacho. Askari yule wa Kaskazini pia, usiku ule, hakuwa na shangazi getini. Mimi nilipofika hapa 2014 nilitibiwa na mtu asiyenijua, na ninajua palikuwa na wake waliosubiri nyuma yangu.

Ila kuwa na haki hakufuti deni. Bibi hakuwahi kumwambia dada yake "nilifanya sawa." Kila mwezi alimpelekea sukari na sabuni kutoka kwenye mshahara wake, na Bibi Mkubwa alipokea bila kusema asante. Naona wote wawili walijua wanachofanya.

Ndiyo maana nina ombi kwa wakuu wa kliniki zetu: mfanyakazi akiwa na mtu wake kwenye foleni, mwenzake ashike daftari mpaka huyo amalize. Bibi hakuwa na mwenzake. Hapa wapo.

Mjukuu wa Bibi Mkubwa sasa ni mhudumu wa afya hapa kambini. Mwaka jana alimpigia simu Juba kumuuliza afanye nini majirani wakimsumbua awapitishe mbele. Bibi Mkubwa alinyamaza kitambo, kisha akamwambia afuate foleni, lakini asimtaje yule metroni mbele yake.