APARTEMA YA KIFAHARI NA HAKI YA MASKINI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Mji wetu wa Kolwezi umekuwa makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu mwaka 2015. Shaba na kobalti zimeleta watu, na watu wameleta magorofa: apartema zenye vigae na maji ya moto, grupu inayowaka umeme unapokatika, na zamu kwenye lango. Kodi inatajwa kwa dola. Vijana wetu wenye kazi katika makampuni wanazipanga, na wengine wanauliza: je, ni haramu?

Jibu ni fupi: si haramu. Kupanga nyumba ni ijara, nayo ni halali ikiwa nyumba, kodi na muda vinajulikana, na mali imetoka katika njia ya halali. Mtume (s.a.w.) ameihesabu nyumba yenye nafasi kuwa miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu. Asikudanganye mtu kwamba uchamungu ni kulala chini ya bati linalovuja.

Lakini ewe ndugu yangu, kitu kikiwa halali, hesabu yake haijakwisha. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme umepanga apartema ya dola 1,200 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 14,400. Tuseme tena kwamba nyumba safi ya kukutosha wewe na watoto, yenye maji na ukuta, ungeipata kwa dola 300, yaani 3,600 kwa mwaka. Tofauti ni dola 10,800. Kama tofauti hiyo ingebaki mkononi mwako na kutimiza mwaka, ingekuwa imepita nisabu ya fedha, ambayo ni gramu 595, na maskini angekuwa na haki ya dola 270 ndani yake. Sasa pesa inakwenda kwa mwenye nyumba kila mwezi. Mwaka unatimia, mkono mtupu. Ukiulizwa habari ya zaka utasema: "Sina akiba, hainipasi." Na utakuwa umesema kweli.

Hapo ndipo penye swali la leo. Inawezekanaje mtu akae kwenye gorofa la juu kuliko wote mtaani, kisha maskini wa mtaa huo wasimdai kisheria hata franka moja? Sheria ya zaka inahesabu kilichobaki. Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyo vifuani, anahesabu pia kwa nini hakikubaki. Katika Suratul Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake ambao wakitoa hawafanyi israfu wala ubahili, bali wanashika katikati. Katikati hiyo hakuna imamu awezaye kukupimia kwa dola. Utajipimia mwenyewe, na utaulizwa mwenyewe.

Utasema: "Ni jasho langu. Mwenye nyumba naye ana watoto, na zamu anapata mshahara." Ni kweli. Wala hatumlaumu daktari anayeitwa usiku akitaka kukaa karibu na hospitali, wala mjane akitafuta lango lenye ulinzi. Mwenye haja ana haja yake. Ila jiulize: chumba cha nne analala nani? Ikiwa hakuna alalaye humo, na kazi yake ni kuonwa na wageni, basi unalipia macho ya watu. Na mzee wako kijijini akikuomba pesa ya dawa unamjibu: "Mwezi huu ni mgumu." Ugumu huo nani ameuleta?

Kumbukeni Mtume (s.a.w.) alipofika Madina mwaka 622. Hakuwa na nyumba hapo. Alikaa kwa Abu Ayyub al-Ansari, ambaye nyumba yake ilikuwa na chini na juu. Abu Ayyub aliona vibaya kukaa juu ya kichwa cha Mtume, akamwomba apande. Mtume kwanza alichagua chini, kwa kuwa ni rahisi kwa wanaokuja kumwona. Huo ndio mzani wa nyumba: anayekuhitaji anakufikiaje? Shangazi yako akifika na kanga yake na mfuko wa mihogo, zamu atamfungulia, au atamwacha juani akiulizwa anamtafuta nani?

Tena kumbukeni kwamba mali ya mgodi haina ahadi. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje, na Oktoba mwaka huo ikaweka viwango vya kobalti inayoruhusiwa kutoka. Kazi ikisimama, kodi haisimami. Aliyezoea dola 1,200 ni rahisi kukimbilia mkopo wa riba kuliko kuhama mbele ya macho ya majirani, na hapo halali itakuwa imemfikisha kwenye haramu.

Basi ewe Mwislamu, kabla ya kutia sahihi kwenye kontra, toa kwanza kwa niya ya Mwenyezi Mungu: fungu la wazazi, fungu la jamaa mhitaji, fungu la yatima wa mtaa wako. Kisha tazama kilichobaki kinapanga nyumba gani. Kikitosha apartema, ingia kwa Bismillah na ushukuru. Kisipotosha, ujue ulikuwa unataka kuingia humo kwa haki ya wengine.

Ewe Mola wetu, tupe makao yenye utulivu, utukinge na kiburi na israfu, na usifanye milango yetu kuwa migumu kwa wahitaji. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.