Shufwa, Witiri na Maji ya Meru

Mpiga ramli wa jadi hahesabu anapoanza. Hupiga nukta mchangani kwa kidole, harakaharaka, mstari baada ya mstari, makusudi asijue ni ngapi. Baadaye ndipo huzitoa mbilimbili. Ikibaki moja, mstari ni witiri. Zikibaki mbili, shufwa. Mistari minne hufanya umbo, na maumbo yote yanayowezekana ni 16 tu. Kisha maumbo mawili huzaa la tatu: witiri kwa witiri hutoa shufwa, witiri kwa shufwa hutoa witiri. Kanuni hiyohiyo imo kwenye simu yako, katika saketi zinazojumlisha 0 na 1.

Elimu hii ilienea na Waarabu, na katika karne ya 12 Hugo wa Santalla akaiingiza katika Kilatini huko Hispania. Mwanahisabati Mjerumani Leibniz aliandika makala yake juu ya hesabu ya 0 na 1 mwaka 1703. Mtafiti Mmarekani Ron Eglash anaona nasaba kati ya ramli ya Afrika na kompyuta. Mimi naiona nyembamba, kwani Leibniz katika makala ile aliwataja Wachina na maumbo ya Fuxi, mfalme wao wa hekaya. Lakini nasaba si hoja. Linalonishughulisha ni kinachotupwa: nukta 7 na nukta 31 hutoa jibu lilelile, na tofauti yao haiulizwi tena.

Umeme nao haujui sifuri wala moja. Hupanda na kushuka tu. Katika saketi za zamani za volti 5, mafundi walikubaliana kwamba ingizo la chini ya volti 0.8 lisomwe 0, na la juu ya volti 2 lisomwe 1.

Sasa njoo Maji ya Chai, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi. Miamba ya volkano ya Meru huachia floraidi kwenye chemchemi na mito, na wengi waliokulia huku meno yao ni ya kahawia. Viwango vya Tanzania vya mwaka 1974 viliruhusu maji ya vijijini kuwa na hadi miligramu 8 za floraidi kwa lita. Baadaye ikawa 4. Leo ni 1.5. Maji yaliyokuwa halali yakawa haramu, wala chemchemi haikubadilika.

Sisemi kiwango ni uongo. Pasipo mstari, nani angethubutu kufunga bomba? Ila mafundi wa saketi walikuwa waangalifu zaidi: kati ya 0.8 na 2 waliacha ukanda usio na jibu, maana hapo mtikisiko mdogo tu hugeuza ndiyo ikawa hapana. Kiwango cha maji hakina ukanda huo. Maji ya 1.4 hupita, ya 1.6 hukataliwa, na jino la mtoto, linalojengeka kwa miaka chini ya fizi, hujumlisha yote mawili.