Safari Hii ni ya Nani?



Kila mwaka baridi ikianza kuondoka, ile meza ya nyuma ya ukumbi, kando ya birika la chai, hujaa karatasi. Ni fomu za vijana wanaotaka kwenda Afrika Mashariki kwa wiki mbili wakati wa likizo, na juu yake limeandikwa neno misheni. Baada ya hapo barua huanza kuzunguka: mpendwa anko, mpendwa shangazi, Mungu ameniita nikawahudumie wenye shida, naomba mchango wako. Nasi tunachanga. Mmoja anatoa dola 100, mwingine 50, na yule aliyetoka shifti ya usiku kuja moja kwa moja ibadani anatoa 20 pamoja na baraka.

Leo naomba tupime jambo moja tu katika barua hizo, nalo ni ukweli wake. Siulizi kama vijana waende au wasiende. Nauliza hivi: tunapomwambia mshiriki kwamba fedha yake inakwenda kuwahudumia wenye shida, je, ndiko inakokwenda?

Tupige hesabu kama tunavyopiga za harambee. Tiketi ya Julai kutoka Dulles hadi Nairobi au Kilimanjaro ni nadra kuipata chini ya dola 1,500. Mtoto mwenye pasipoti ya Marekani analipia viza ya Tanzania dola 100. Kuna chanjo, dawa za malaria, bima, gari la kukodi na chakula. Kundi la vijana kumi linaweza kufika kijijini likiwa limeshatumia dola 20,000 hivi kabla hata mmoja wao hajashika brashi. Nimesema brashi kwa sababu mara nyingi kazi yenyewe ni hiyo, kupaka rangi ukuta wa darasa. Sasa, kijiji hicho kina fundi rangi. Nyumba yake haiko mbali na kanisa, watoto wake wanasoma katika shule hiyo hiyo, na wiki ile anakaa kivulini akitazama watoto wa miaka 16 wakipaka ukuta ambao ungemlipia ada, nusu ya rangi ikiishia sakafuni. Wageni wakiondoka, yeye ndiye anayeitwa kurekebisha. Pengine ataombwa afanye bure, kwa kuwa ni kazi ya Bwana.

Ndiyo maana baadhi yetu wanasema: acheni safari, tumeni pesa. Hoja hiyo ina nguvu, na mtu asiipuuze. Lakini ina upungufu ambao sisi wa ughaibuni tunapaswa kuuona kabla ya wengine, kwa kuwa kutuma pesa hatuhitaji kufundishwa. Hakuna benchi katika kanisa hili lisilo na mtu aliyetuma kitu mwezi huu. Tunatuma ada, tunatuma za hospitali, tunatuma za msiba, tunatuma za mabati. Tunatuma tukiwa kwenye maegesho ya magari kabla ya kuingia kazini. Na watoto wetu wapo nyuma ya gari wakisikiliza.

Hebu jiweke mahali pao. Mtoto aliyezaliwa Shady Grove na kukulia Gaithersburg ameijua nyumbani kwa njia gani hasa? Ameijua kama simu inayolia alfajiri. Ameona uso wa mama ukibadilika akisoma ujumbe. Amesikia baba akisema kwa sauti ya chini, “juzi tu nilituma.” Babu kwake ni dawa za presha, binamu kwake ni ada ya muhula wa pili. Hajawahi kumwona babu akikaa barazani na watu wakimjia kwa ushauri. Hajui kwamba shangazi yule anayeomba mtaji ndiye anayetegemewa na mtaa mzima mtu anapofiwa. Tumemlea mtoto aamini, bila sisi kutamka neno, kwamba watu wetu ni watu wenye upungufu. Kisha akifika miaka 16 tunampa fomu inayomwambia tena kwamba anakwenda kwa watu wenye upungufu, mara hii kwa jina la Yesu.

Hapo ndipo naona hatari ya neno misheni, na hapo hapo naona sababu nzuri ya safari. Mtoto huyu anahitaji kwenda. Anahitaji kukaa wiki mbili mahali ambapo yeye ndiye asiyejua: hajui kuchota maji, hajui kumsalimu mzee, hajui wimbo ambao kila mtoto wa pale anaujua. Anahitaji kupokewa na watu ambao hadi jana alidhani kazi yao ni kupokea kutoka kwake. Fedha zikitumika kwa hilo, nasema hazijapotea. Ila tukiri kwamba anayehudumiwa zaidi katika safari hiyo ni mtoto wetu.

Je, ni dhambi kuchangisha kwa ajili ya mtoto wetu? Sioni hivyo. Mnakumbuka habari ya Anania na Safira katika Matendo ya Mitume sura ya 5. Petro hakumlaumu Anania kwa kubakiza sehemu ya fedha. Alimkumbusha kwamba shamba lilikuwa lake, na hata alipoliuza fedha zilikuwa chini ya mamlaka yake. Kilichomwangusha ni kuweka sehemu miguuni pa mitume na kuiita yote. Aliipa sadaka yake jina lisilo lake. Siwafananishi vijana wetu na Anania, Mungu apishe mbali. Wao wanaandika walichofundishwa kuandika. Lakini sisi wazee na wazazi, tunaoisoma barua kabla haijatoka, tunajua tiketi inamlipia nani. Tunajua pia kwamba shule za Kaunti ya Montgomery zinamdai kila mwanafunzi saa 75 za huduma kabla ya kuhitimu, na kwamba insha ya kuombea chuo hupendeza zaidi ikiwa na kijiji ndani yake. Mambo hayo si mabaya. Ubaya unaingia pale tunapomtaja maskini kwenye barua ili kulipia kitu ambacho hakutuomba.

Nitaambiwa kwamba hata wamisionari wa zamani walisafiri kwa fedha za kuchangishwa. Ni kweli. Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844, na katika miezi ya kwanza tu akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Hakurudi kwao. Alikuwa ameshaanza kujifunza Kiswahili, akatafsiri sehemu za Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji, Mwislamu, kwa maana bila mwenyeji wa kumfundisha hakuwa na la kusema. Mwenzake Johannes Rebmann alikuja mwaka 1846 akakaa hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu. Na tusidhani habari hizi ni za Wazungu peke yao. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Mboga, upande wa Kongo, mwaka 1896. Alipigwa, alifungwa, alirudi tena, na mwaka 1933 akafia huko huko. Inasimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea msituni, kinyume na desturi ya watu wake, kwa sababu huko ndiko kazi ilikokuwa imebaki. Neno misheni lilibeba uzito huo. Kwa wiki mbili zenye tiketi ya kurudi, neno ziara linatosha, na halina aibu yoyote. Mariamu alimtembelea Elisabeti, na ziara ile haikuwa jambo dogo.

Tukikubali kwamba ni ziara, maandalizi yenyewe yanabadilika. La kwanza ni lugha. Mwezi wote wa Mei vijana wetu hufundishwa igizo la wokovu lisilo na maneno, kwa kuwa Kiswahili hawakiwezi. Wazazi wenzangu, igizo hilo ni gumu kuliko kujifunza shikamoo, marahaba, pole na kazi, nimeshiba asante, naomba nisaidie kuosha vyombo. Walimu tunao, wamekaa safu ya tatu na vitenge vyao, na hawadai ada.

La pili ni mizigo. Mashirika mengi ya ndege humruhusu msafiri masanduku mawili ya kilo 23, na sisi hatujui kuacha kilo hata moja. Tunajaza fulana zilizotumika, tunazipeleka nchi ambazo kila soko lina mtumba hadi barabarani. Someni tena Luka 10, pale Bwana alipowatuma wale 70. Orodha yake ya kufunga mizigo ni orodha ya vitu vya kuacha. Wasichukue mfuko, wasichukue mkoba, wakae katika nyumba moja, wale kinachowekwa mbele yao. Aliwatuma wakiwa wahitaji makusudi, ili waanze kwa kupokea. Eliya naye, wakati wa njaa, hakupelekwa kwa tajiri. Alipelekwa ugenini, Sarepta, kwa mjane aliyebakiwa na konzi ya unga, na Mungu akamwagiza huyo mjane amlishe nabii.

Hapa kuna swali gumu, sitalikwepa. Mama wa kijijini atachinja kuku wake wa mwisho kwa ajili ya wageni waliotumia dola 2,000 kila mmoja kufika kwake. Tule? Kukataa ni kumdharau, na kila aliyelelewa kwetu anajua hivyo. Kula tu na kwenda zetu ni kumwibia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nao walimaanisha jambo la kawaida kabisa, kwamba siku ya mgeni nyumba nzima inakula vizuri. Ushauri wangu ni kwamba mazungumzo ya gharama yafanyike mapema kati ya wazee wa kanisa la huku na wa kule, ile fedha itangulie miezi miwili kabla, iingie katika hazina yao, na vijana wasiitaje. Siku ya kuku, mtoto ale na aseme asante kama mgeni yeyote. Anayeona aibu na aione. Aibu hiyo ni sehemu ya masomo.

Kazi nayo ipangwe na wenyeji. Wakisema darasa linahitaji rangi, tumlipe fundi, na kijana mmoja au wawili wawe vibarua wake, wamkorogee rangi na kumshikia ngazi. Wakisema hawana kazi, ila wanataka tukae nao, tukae.

Kuhusu makao ya watoto yatima nitasema kifupi: tusiende. Kenya ilizindua mwaka 2022 mkakati wa miaka 10 wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia, na wengi wa watoto hao wana jamaa walio hai. Mtoto wa miaka minne akikumbatiwa na wageni wapya kila wiki mbili, kisha wakapanda gari na kutoweka, anajifunza kitu kuhusu mapenzi ambacho hakuna hata mmoja wetu angetaka wake ajifunze. Na picha ni hivyo hivyo. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, lakini hata bila sheria, jiulize kama ungependa wageni waingie darasani kwa mwanao hapa Gaithersburg, wampige picha akila, waiweke mtandaoni.

Dawa za malaria zimezwe na wote, wazazi wanaoandamana na kundi wakiwemo. Ile kinga tuliyokuja nayo hupungua tukikaa huku miaka, na mtoto wa hapa hakuwahi kuwa nayo.

Tuwakumbuke pia wasioweza kwenda. Tuna familia za Kivu ambazo nyumbani kwao Goma kulitekwa na M23 Januari 2025, na wapo kati yetu ambao hati zao haziwaruhusu kutoka Marekani na kurudi. Vijana wao hupita mbele ya ile meza ya fomu bila kusimama. Tangazo la safari likisomwa kana kwamba kila mtu anaweza kuomba tu likizo akaenda kwao, linawaumiza. Tutafute namna ya kuwahusisha, hata kama ni kwa kuwaomba mama zao wawe walimu wa Kiswahili wa kundi, maana Kiswahili cha Kivu nacho ni Kiswahili.

Ninachopendekeza kwa kamati ni barua mpya, fupi. Iseme: naomba unisaidie nikawatembelee ndugu zetu, nikajifunze kwao, niwafahamu, sehemu hii ya fedha ni ya tiketi yangu, na sehemu hii imeombwa na kanisa la kule kwa kazi waliyoichagua wenyewe. Viandikwe viwango vyote viwili. Nina imani yule wa shifti ya usiku bado atatoa 20 zake.

Na Jumapili ya taarifa, vijana wakisharudi, tusianze na video yao. Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walilikusanya kanisa na kulisimulia, lakini wao walikuwa wametumwa. Hawa wetu walipokewa. Saa nne asubuhi ya hapa wakati wa kiangazi ni saa kumi na moja jioni kule, watu wameshatoka ibadani na simu zina chaji. Tumpigie mzee wa kanisa lililowapokea, tumweke kwenye skrini kubwa, na tumwombe atuambie wageni wake walikuwaje.